Ncha Juu

Mwezi wa kumi Tsiala hayupo.
Yuko Thesaloniki, anamwosha bibi wa watu,
anamlisha kwa kijiko, anamhesabia vidonge,
nami huku Svaneti nimeachiwa ng'ombe wawili, binti mmoja,
na matuta ya vitunguu saumu nyuma ya nyumba
ambayo kwa miaka kumi na minne
sikuwahi kuyainamia.

Nilimwambia kwenye simu, Nitapanda.
Akasema, Tenga vichwa vikubwa, usile mbegu.
Simu ikakatika. Milima yetu haipendi maneno marefu.

Nikabambua. Punje zikatoka na maganda ya zambarau,
laini kama kope za mtu aliyelala.
Nikachimba, nikatia samadi, nikafukia
mstari kwa mstari, kimya, kama anayeficha deni.
Nilipomaliza wa tano
Nargiza akaegemea ua wa fito, akacheka hadi akakohoa:
"Gegi! Umezisimamisha kichwa chini!
Ncha ndiyo itazame mbingu. Makalio yakae mchangani,
kama watu wote."

Mistari mitano. Punje mia na ishirini na kitu.
Nikasema nitazifukua kesho.
Iliyobaki nikaipanda sawasawa.
Kesho ikaja na theluji.

Miezi mitano tukalala chini ya blanketi moja,
mimi na kosa langu.
Usiku mmoja Eteri akauliza
kama punje nazo huona kizunguzungu.
Lala, nikamwambia.
Mimi ndiye sikulala.
Niliwaza chipukizi likishuka badala ya kupanda,
likipapasa giza la udongo,
halijui mlango uko upande gani.

Aprili, mistari iliyopandwa vizuri ilitangulia,
wima kama wanafunzi gwaride.
Ile mitano, kimya.
Wiki. Siku tatu zaidi.
Kisha moja, kisha tisa, kisha sikuhesabu tena:
zimepinda shingo, zimezunguka mwili mzima kulitafuta jua,
lakini zimetoka.

"Zinaendeleaje?" Tsiala akauliza.
"Za kijani," nikasema,
na huo haukuwa uongo.

Vikonyo vya maua tulivikata vikiwa laini,
tukavikaanga na mayai.
Agosti majani yakaanza kukauka kutoka chini,
nikatia uma ardhini, nikainua, sikuvuta.
(Hilo nilikuwa nimeuliza.)
Vya mistari mitano vilikuwa vidogo,
na mkia umejikunja ubavuni kama ndoana.

Wiki tatu kivulini, chini ya roshani.
Hata maziwa yalinukia saumu. Hata mto wa kulalia.

Tangu mama yake aondoke
nimemsuka Eteri nywele kila asubuhi, vibaya,
na kila asubuhi amekwenda shule bila kulalamika.
Jumapili ile akakaa juu ya gunia
akaniwekea mabua matatu mkononi:
La katikati lipite chini, baba. Kaza. Sasa hili.
Tulisuka mikungu kumi na moja.
Jumatatu nywele zake zilinyooka.

Vilivyopinda havikusukika.
Nikavimenya, nikavitwanga na chumvi ya mawe,
giligilani, uwatu, pilipili,
maua makavu ya manjano.
Machozi yalinitoka, na haikuwa huzuni.
Ndani ya kinu hakuna aliyepinda wala aliyenyooka.

Basi la Ugiriki huondoka Alhamisi.
Nikampa dereva mtungi wa chumvi,
na dakika ya mwisho, sijui kwa nini,
nikachomeka kichwa kimoja kizima, kile kibaya kuliko vyote.

Jumatatu usiku simu ikalia.
"Hiki kimefanywa nini shingo?"
Nikanyamaza.
"Gegi. Ulikipanda kichwa chini?"
"Mistari mitano."

Alicheka kama Nargiza, hadi akakohoa.
Nyuma yake yule bibi akauliza jambo
na Tsiala akamjibu kwa Kigiriki, kirefu,
sikuelewa ila jina langu.
Kisha wote wawili wakacheka.

Halafu akauliza, sauti imeshuka,
kama mbegu bado ipo.

Ipo, nikasema. Sikuila.