Fundi wa Danlí

Kanali Evaristo huja na vipimo vyake kichwani:
kifua mia na nne; kiuno hakitaji.
Anataka beji mia mbili za bluu, zenye tai,
kabla ya Alhamisi, kabla mgeni wa mkoba hajatua.
"Tai atazame kulia," anasema,
kana kwamba ndege ana chama.

Meneses haji mwenyewe. Yuko San José, anahojiwa redioni.
Humtuma Nahúm, kijana mwembamba wa mabega yasiyolingana,
aliyepigana na kanali huyo huyo miaka mitano iliyopita
na sasa hununua sigara dirisha moja naye.
Hawasalimiani.
Yeye anataka nyota. Nyeupe, moja tu.
"Hatukuyakana mapinduzi, fundi. Tuliibiwa."
Namwambia asimame wima, asiitikise futikamba.

Halafu Terencio Waldan, siku tatu njiani kutoka kambi za Wamiskito,
hana pesa, ana gunia la muhogo.
Hataki tai, hataki nyota; anataka neno moja la lugha yake.
Ananitamkia mara tatu, mara tatu nalikosea.
Kwake kanali na Nahúm ni kitu kimoja: Wahispania.
"Wale walichoma vijiji vyetu kwa jina la umma.
Hawa watavirudisha kwa jina la Mungu,
lakini hati watabaki nazo."

Mimi?
Nilishona suruali za Walinzi wa Taifa kule Somoto.
Mwaka dikteta alipokimbia nikashona skafu nyekundu na nyeusi
mpaka kitambaa kikaisha, nikakata sketi ya mke wangu,
na nilikuwa na furaha, sitaficha.
Kisha kamati ya mtaa ikaja kuhesabu majora yangu.
Cherehani ilivuka mpaka juu ya nyumbu.
Mke wangu hakuvuka.

Februari mgeni wa mkoba akasema: jina moja, au hakuna hata senti.
Wakapigwa picha hotelini Tegucigalpa, mikono mitatu imerundikana,
nami nikaletewa magari mawili ya sare:
fumua zote, shona mwenge.
Wiki mbili nilifumua. Vidole vikavimba.
Ndivyo muungano ulivyo, ukitaka kujua:
wembe, uzi, taa mbaya.
Na kitambaa hakisahau. Liinue shati lolote juani:
nyuma ya mwenge kuna vitundu,
na vitundu vinachora tai.

Ulidumu siku sitini na moja.
Wengine husema ni redio, nani asome taarifa kwanza;
wengine, sahihi ya pili kwenye hundi.
Waldan aliondoka katikati ya chakula, akachukua na mkate.

Nahúm alipatikana korongoni, upande wetu wa mpaka,
upande ambao adui hafiki.
Wafuasi wa kanali wakasema ni watu wa Meneses, wanasafishana.
Watu wa Meneses hawakusema kitu, wakahama nyumba usiku.
Nikaletewa shati, maana uso haukusaidia,
nami naijua mishono yangu.
Mwenge. Chini yake vitundu vya nyota.
Na ndani, karibu na kwapa,
kiraka chekundu na cheusi, kikubwa kama kidole gumba,
alichoniomba nimfichie siku ile asiyotaka kusimama wima.

"Ni lake?" kanali akauliza.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa,
na nguo nazishona mimi.
Nikasema ndiyo, shati ni lake.
Nikalikunja haraka, bitana ndani.

Jumatatu amerudi. Beji mia tatu sasa,
na tai atazame mbele, maana siasa zimebadilika.
Zile za zamani ninazo, zimejaa kopo la maziwa ya unga;
nilijua tu.
Nitazigeuza kidogo kwenye pini, hatagundua.
Namtoza bei ya mpya,
na juu yake vifungo saba,
deni la Nahúm.