Kati ya Septemba na Januari

Ghala la chama cha msingi bado tupu.
Karani kaniachia ufunguo mpaka mnada wa kwanza.
Ubao ni mlango mbovu
tulioupaka makaa ya betri chakavu;
chaki nimenunua mwenyewe, vipande kumi na viwili,
na kimoja kimeshavunjika njiani.

Wanakuja saa tisa, wametoka kuokota korosho,
vidole vimebabuka kwa utomvu,
madaftari yana madoa ya mabibo.
Hapa Mahuta sabuni haijawahi kulishinda doa hilo.
La saba wamemaliza. Sare wamerithi wadogo zao.
Matokeo hayajabandikwa.
Si wanafunzi, si wakulima:
maji ndani ya pipa, pipa juu ya baiskeli,
baiskeli katikati ya mlima.

Mfaume Chiwaya anaujua usanisinuru.
Mwulize. Atachuma jani la mkorosho, ataliinua juani,
akuoneshe maji yanapopandia, hewa inapoingilia,
na chakula kinavyopikwa bila kuni.
Januari, mbele ya ubao mwingine,
ataulizwa jani hilohilo kwa jina la ugenini.
Atasimama. Atatazama kucha zake.
Na darasa zima litaandika moyoni: hajui.

Hicho ndicho kinachoniamsha usiku. Si sarufi.

Maana huyo nilikuwa mimi.
Muhula mzima nilinakili ubao
kama mtu anayechora ramani ya nchi asiyoijua,
nikapata tiki kwa mwandiko.
Nilivishwa kibao shingoni siku tatu
kwa kosa la kusema Kiswahili.
Nilikuwa nimesema: naomba maji.

Basi vitenzi navyo vingoje. Naanza na kinywa.
"Toeni ulimi katikati ya meno."
Wanacheka. Somoe anajiziba kwa upindo wa kanga:
ulimi nje mbele ya mwalimu, wapi na wapi!
"Semeni thelathini."
"Selasini."
"Mama yako kapima kilo thelathini,
karani kasikia sitini kasoro, au sita, au sijui nini.
Nani atalipa?"
Hapo ndimi zikatoka, zote, mpaka ya Somoe,
na ile sauti ya ugenini tuliyokuwa tukiiogopa
ikaonekana ilikuwa kwetu siku zote,
imekaa ndani ya thamani,
ndani ya dhahabu,
inangoja mtu wa kuitamka.

Wiki ya tano Yustina Hokororo aliweka kalamu chini.
"Mwalimu, hiki Kiingereza kina mwisho?"
Sikuwa na jibu. Nikauliza langu:
nani aliingia la kwanza akijua Kiswahili?

Kimya. Kisha mmoja akacheka puani.
Yustina alijua shikamoo tu,
akawa anaisalimia hata kengele.
Mfaume alijikojolea, neno la kuomba ruhusa
lilikuwa nyumbani kwa bibi yake, kwa Kimakonde,
halikuja naye shuleni.
Somoe aliitikia "ndiyo" wiki nzima,
hata alipoulizwa nani kaiba chaki, akachapwa.
Wakasimulia wakidakizana, wakisahihishana,
wakichomeka methali na matusi madogo,
kwa Kiswahili kinachokimbia bila kuangalia chini.
Hawakujisikia.
Nami sikuwakatiza.

Jumatano lori la magunia likapiga honi.
Karani akanyoosha kiganja, nikampa ufunguo,
tukaenda kutafuta kivuli nyuma ya zahanati.
Mfaume akaubeba ubao mgongoni, maandishi nje.
Somoe akawa nyuma yake, anasoma sentensi ya jana
kwa sauti, neno kwa neno, kwa hatua za mwenzake.
Neno la tatu likamkwama.
Akasimama.
Mfaume naye akasimama, hakugeuka,
akauweka mgongo sawa,
akamngoja.