Mizani ya Bibiane

Kwa saa sita tumepasua maji ya rangi ya risasi,
Aqissiaq usukani, haongei,
anakwepa mapande ya barafu kama mtu
anayevuka sebule yake gizani, anayejua kila kiti kilipo.
Miguuni pangu sanduku: bisibisi, waya, mtungi wa gesi.
Nimeitwa kutengeneza mtambo wa barafu
mahali ambapo barafu ndiyo inayotuzuia kufika.

Cheka. Mimi pia nilicheka,
mpaka siwa barafu moja, refu kuliko kanisa la kwetu,
ikageuka tumbo juu bila sauti.
Kisha sauti ikaja.
Tukapanda, tukashuka, tukapanda.
Aqissiaq akazima sigara yake, kwa adabu.

Kijiji kilichomoza nyuma ya mwamba:
nyumba kumi na tisa zimeng'ang'ania jiwe kama chaza,
nyekundu, buluu, moja ya manjano iliyopauka.
Mbwa walitupokea kwanza. Halafu harufu,
dizeli, utumbo wa gayogayo, kahawa.
Halafu Bibiane, aproni ya mpira hadi kwenye buti.
Hakunipa mkono. Alinionyesha mizani.

"Panda."

Ile ile ya kupimia samaki, ina magamba bado.
"Kila anayekuja hupimwa. Desturi yangu, si ya serikali."
Akaandika kwa penseli ya seremala,
chini ya gayogayo wa kilo tisini na mbili:
Fundi, sabini na nne na nusu.

Ugonjwa wa mtambo ulikuwa mdogo, waya ulioliwa na chumvi.
Lakini dawa yake ilikuwa kwenye meli ya Alhamisi,
na Alhamisi haikuja. Hori lilifunga mlango.
Samaki wamelala sakafuni wakitutazama kwa jicho la juu,
na nje, hatua kumi tu, barafu ya kale inaelea bure.
"Mbona hamuivunji?"
"Mnunuzi anataka barafu yenye cheti," akasema Bibiane,
akatema mate baharini, upande wa mnunuzi.

Usiku wa pili tuliivunja.
Wanawake sita, kijana Ujuunnguaq na shoka la babu yake,
mimi na nyundo yangu ya mjini.
Nasema usiku, ingawa jua lilikuwa limekaa tu pale juu ya maji
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Tukawafukia samaki. Cheti hakuna aliyekiuliza.

Nilitafuna ngozi ya nyangumi mpaka taya likakata tamaa.
Nililala shuleni, chini ya ramani ya dunia
yenye pini moja tu, nyekundu. Hapa.

Meli ilipofika, waya ukafungwa kwa dakika ishirini.
Mizani tena. Sabini na saba!
Bibiane akapiga kofi moja, kama aliyeshinda kesi.
Nikaomba daftari.

Safu mbili. Kuja. Kwenda.
Daktari wa meno, aliongezeka.
Kasisi, alipungua, na pembeni: hakupenda supu.
Nikafunua nyuma zaidi. Wa hapa, safu zao zimegeuzwa:
Kwenda, kisha Kurudi.

Enok, themanini na moja. Mwezi wa Novemba.
Kurudi, pakavu.
Lakini karatasi pale imelainika, imeng'aa kidogo,
kama kizingiti kinachokanyagwa kila siku.
Sikuuliza. Aproni yake ilikuwa ya mwanamume,
imekunjwa mara mbili kiunoni. Sikuwa nimeiona.

Aqissiaq akaingia, akavua kofia,
akapanda mizani bila kuambiwa.
"Sitini na tisa," akasema yeye mwenyewe.
Bibiane akaandika, akaacha nafasi.
Mtambo ulikuwa unanguruma, unatema barafu safi ya mnunuzi.
Akaiacha penseli katikati ya kurasa,
na daftari halikufungika.