Nguzo Isiyouzwa

Mvua ya Langdale haibishi hodi.
Imetukuta kwenye lango la kondoo, mimi na Corin,
mtoto wa kaka yangu, miaka tisa, buti za kuazima,
tochi ameishika kama mtu ashikaye kuku.

"Ni mbali?"
Si mbali. Ni kupanda tu,
katikati ya vifusi vya sleti
vinavyogongana chini ya nyayo kama sahani kabatini,
mpaka pale mlima ulipofumbua kinywa
ukasahau ulichotaka kusema.

Kwanza njia ya chini kwa chini, hatua sitini.
Tunainama. Maji yanatuingia shingoni.
Ni marefu, namwambia, ila yana ncha.

Kisha ukumbi.
Baridi kwanza, halafu harufu: chuma, popo, maji yaliyolala.
Macho yanazoea polepole, dari linajitokeza
juu, juu kuliko mnara wa kanisa letu,
na Corin anaacha kuuliza.

Hapa palikuwa mlima, nasema,
umejaa, hapana hata pa kuchomeka kisu.
Wakaja na baruti, na tindo, na mishumaa kofiani,
wakautoa kipande kipande,
wakaupasua mwembamba kama jalada la kitabu,
wakaupakia, ukaenda kulala
juu ya shule, juu ya stesheni, juu ya wodi za wazazi,
juu ya watu wasiojua hata jina la bonde hili.
Shimo hili ni paa lililohama.
Mvua ikinyesha mjini na mtu asilowe,
ni utupu huu unaomfunika.

Anapiga hesabu, midomo inamcheza.
"Kwa hiyo pango ni sawasawa na nyumba zote?"
Sawasawa.
Toa tulivyovikanyaga njiani.

Na katikati imesimama nguzo,
pekee, imeinama kidogo,
kama mtu aliyebeba kitanda akisubiri aambiwe pa kukiweka.

Msimamizi Hallam aliitaka.
Kijani chake hakikuwa na mwenzake,
mishipa imenyooka, pesa iliyosimama wima.
Babu yangu, Isaac Birkett, vidole saba na nusu,
alikwisha kuanza kuitoboa.
Akasita. Akachukua chaki,
akaizungushia mstari kama mshipi, akasema:
hapa ndipo mkono unapokoma.
Wakamkata ujira wa wiki mbili.

Wageni hupenda nimwite shujaa.
Bibi hakukubali. "Aliogopa," alisema, akikamua nguo,
"aliogopa kufa, basi. Mnataka nini zaidi?"
Nami nimekua nikiona
hofu ya mtu mwenye akili nayo ni nguzo.

Mganga hajigangi: nyumba yake ilivuja.
Aliiezeka kwa vigae vilivyokataliwa na mnunuzi,
na utotoni nililala kando ya ndoo,
tone, kimya, tone,
nikidhani kila nyumba duniani ina saa ya namna hiyo.

Chaki imeshaoshwa.
Kilichobaki ni tundu la keekee, kina cha kidole kimoja,
limeanzwa, likaachwa.
Namwonyesha. Anazima tochi, sijui kwa nini,
anaingiza kidole, anakiacha humo.

Watu huja hapa kupiga kelele wasikie mwangwi.
Wiki iliyopita lilikuja kundi zima na tarumbeta.
Corin ananong'ona tu, kitu kimoja, karibu na jiwe.
Mwangwi haujibu minong'ono.
Sikumwuliza.

Tukatoka. Kangaga zimelowa mlangoni,
ziwa kule chini rangi ya bati,
mvua haijabadili nia.

Kituo cha basi cha Elterwater kina kibanda kifupi.
Tulibanana humo na mama mmoja na mbwa wake anayenuka.
Corin akainua kidole, bado kina vumbi la kijivu,
akakielekeza juu.
Hakusema kitu.
Juu yetu matone yalikuwa yakihesabu vigae, kimoja kimoja,
na mbwa akajikung'uta, akatulowesha sote.