Yangu

Uwanja wa Mpunguzi mistari yake ni ya majivu,
upepo wa Julai huifuta kabla ya mapumziko.
Hapo mwalimu Lechipya aliniambia: kipa asiye na sauti
ni mlango usio na komeo.
Basi nikapaza. Yangu! Yangu!
mpaka wachuma zabibu ng'ambo ya barabara
wakaniita Yangu,
na Sechelela likabaki jina la kuitiwa chakula.

Kayseri nako ni nyanda kavu, nako kuna mlima;
nilidhani nimefika nisikokosea.
Viatu huvuliwa mlangoni.
Nahodha haitwi kwa jina tupu, unamwita abla,
na hilo halikunishinda, kwetu nani
humtaja dada mkubwa hivi hivi?
Kilichonishinda ni nywele.
Mkataba ulikuwa na kurasa tisa, nywele hazikutajwa.
Miezi mitatu sikupata mkono wa kuzisuka,
nikaomba mkasi kwa mpishi wa klabu.
Na mkate, asubuhi mkate, usiku mkate,
na theluji, imekaa kimya nje
kama shangazi aliyenuna.

Mechi ya kwanza, kona.
Nikatoka. Yangu!
Beki naye akaruka. Angejuaje?
Tukagongana vichwa, mpira ukaingia polepole,
bila haraka, mbuzi arudiye zizini.
Abla aliniinamia, damu puani mwake,
akanipa neno vipande viwili:
ben-de. Iko kwangu.
Nililisema bafuni. Nililisema kwa kioo cha basi.
Mwezi wa nne lilinitoka bila kuombwa.

Sasa niko likizo, wiki mbili.
Mama alikiangalia kichwa changu, hakusema kitu,
akaniongezea mlenda.
Ugali wa uwele ukanikwaruza koo;
sikujua mgeni ni nani, mimi au ugali.

Leo jioni Nyemo kapiga mpira juu sana,
jua machoni, mwili ukajua kazi yake,
nikaruka: Bende!

Watoto wote wakasimama.
"Bende ndiyo nini?"

Nimekaa kwenye majivu, mpira kifuani,
nalitafuta lile jingine.
Lipo. Naliona linakuja,
limechelewa,
limesimama mlangoni linavua viatu.
Na Nyemo ananiuliza kama glovu zile ni zake
au nitaondoka nazo.