Siku ya Wodeni

Masindi, Jumatano, kipindi cha baada ya uji.
Ubaoni nimechora kisiwa chenye baridi
na mishale mitatu inayotoka mashariki:
Waangli, Wasaksoni, Wajuti.
Chaki ikakatika kwa Wajuti.

Haya hayamo kwenye mtaala.
Ni Kusiima aliyeuliza asubuhi,
taya la ng'ombe likining'inia shingoni
kwa kamba ya katani, kwa kosa
la kuomba kalamu kwa Kinyoro:
"Mwalimu, Kiingereza nacho
kilikuwa lugha ya kijiji cha nani?"

Basi nikawaambia.
Inasimuliwa kwamba mwenyeji aliwaita mwenyewe,
askari wa kukodi, wamzuilie majirani.
Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa siku ya tatu walichukua shamba,
jembe wakamwachia mwenyeji,
na ya nne wakampa jina: Mgeni.
Ndiyo. Aliyezaliwa pale akaitwa Mgeni,
na wajukuu zake, kule milimani magharibi,
Waingereza wanawaita hivyo hadi leo.

Darasa likacheka. Kisha likaacha,
maana ramani ilikuwa pale pale ukutani
na Mwitanzige, ziwa letu,
limeandikwa kwa jina la mume wa malkia
ambaye hakuwahi kunawa uso kwa maji yake.

Mito ndiyo iliyokuwa mibishi.
Mgeni aliuliza, "Huu nini?" Akajibiwa, "Mto."
Akaandika: Mto Mto.
Unapita mpaka sasa ukijitaja mara mbili
kama mtu anayeogopa kusahauliwa.

"Andikeni tarehe," nikasema,
na mikono arobaini ikaandika siku kwa Kiingereza.
Mmemwandika Wodeni, mungu wao wa kale.
Kesho mtamwandika mwenye radi.
Keshokutwa, mke wa Wodeni.
Wamishonari walibatiza wafalme, watumwa, visima,
wiki wakaisahau.
Tena Papa aliwatumia barua kutoka Roma:
mahekalu msiyabomoe, nyunyizeni maji ya baraka,
watu waendelee kuja walikozoea kuja.

Barua ile haikufika Bunyoro.
Nyuma ya migomba bibi yangu alikuwa na kibanda cha mbandwa,
kauri tisa, kibuyu, kigoda ambacho hakuna aliyekikalia.
Katekista Zakayo alikuja na mafuta ya taa.
Nilikuwa na miaka sita.
Kiberiti nilikishika mimi.

Usinitazame hivyo, Kusiima. Sisi nasi tulifika.
Wabito walivuka Nile kutoka kaskazini,
lugha yao ikayeyuka katika ya wenyeji
kama chumvi katika mchuzi,
yakabaki majina ya kusalimiana:
Abwooli, Araali, Okaali, Amooti.
Maana yake sijui. Ila mtu asiponiita Araali
najua amekasirika.

Na haya nayaandika kwa lugha ya kambi ya polisi,
ambayo baba aliamuru nayo
na mama akanunulia dagaa.
Mjini watu walinyamaza wakiisikia.
Kwangu ilikuwa lugha ya kufunikwa blanketi.
Wiki yake ina tano mbili,
Jumatano ya nyumbani, Alhamisi ya ng'ambo;
zinalala ukuta kwa ukuta,
sijasikia zikigombana.

Kengele.
Nikamvua Kusiima lile taya,
zito kuliko nilivyodhani,
nikalitia kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo.
Mwalimu wa zamu atalitafuta. Alitafute.

Mlangoni akageuka: "Kwa hiyo kesho ni ya Radi?"
Ya Radi, Abwooli, nikamjibu kwa Kinyoro.
Njoo na kalamu yako.