Aliyefunga Nyaya Hizi

Fundi wa kwanza, kule Övertorneå, hakufungua hata boneti.
Alilizunguka gari mara moja, mikono mifukoni,
akasema: Volvo ya sitini na saba, injini ya themanini na sita,
huyu ni punda aliyepandikizwa moyo wa farasi.
Akacheka peke yake. Nikalisukuma hadi barabarani.

Wa pili alitaka kulirudisha lilivyozaliwa.
Ukutani alitundika picha za magari yasiyo na doa,
na bei aliitaja kwa sauti ya chini, kama anayetoa rambirambi.
Nikamwambia, bwana, sitaki lizaliwe upya,
nataka liwake.

Wa tatu, jina lake nalisitiri,
alikaa nalo tangu theluji ya kwanza hadi barafu ya mto ikapasuka.
Liliwaka, kweli. Siku kumi na moja.
Ila rimu zangu za aloi zilikuwa zimegeuka chuma,
naye akaapa ndivyo zilivyokuja.

Ndipo Hillevi wa duka la mbao aliponinong'oneza:
yuko mwanamke Junosuando, hutengeneza matrekta na pikipiki za theluji,
hana kibao, hapokei simu kabla ya saa nne.

Aila Kenttä hakuuliza mwaka, wala mfuko wangu.
Aliuliza: linapokataa, linalia vipi?
Nikamwigizia.
Akafumba macho. Tena, akasema.
Nikakohoa tena, mtu wa miaka hamsini na minane,
nikakoroma, nikazimika
katika uwanja wa mtu nisiyemjua, baridi ishirini chini ya sifuri,
mbwa wake akinijibu.

Akaingia uvunguni. Akakaa huko muda wa kikombe cha kahawa kupoa.
Alipotoka alisema: sijui.
Gereji tatu, pesa zote zile, na neno hilo
nilikuwa sijalisikia hata mara moja.
Sijui bado, akasema. Niachie wiki tatu.
Nikishindwa utalipa umeme tu.

Kila Ijumaa alipiga simu na jambo moja.
Pampu ni nzima. Fyuzi ni nzima.
Ijumaa ya tatu: njoo uone mwenyewe.

Alikuwa amezipanga skrubu kuukuu juu ya gazeti,
hakuna hata moja aliyoitupa,
na chini ya dashibodi nyaya zilining'inia kama utumbo wa samaki.
Zote nyekundu.
Tazama, akasema. Pampu ya mafuta inapata umeme
kupitia swichi ya taa ya ndani.
Viungo vimefungwa kwa utepe wa magongo ya hoki.
Aliyefunga nyaya hizi alikuwa amelewa, au amependa.
Ulilinunua kwa nani?

Kwa jamaa mmoja wa Kiruna, nikasema.
Amekwisha kufa.

Mungu amlaze pema, akasema Aila,
lakini angeua mtu.
Kisha akabandua utepe wa mwisho, taratibu, kama plasta kwenye kidonda cha mtoto,
na upande wa ndani, kwa wino uliofifia:
TAGE, HAPA PA MUDA TU. RUDIA VIZURI. JUNI 89.

Mwandiko wangu. Hata ile E yangu yenye mgongo.
Utepe ulikuwa umekatwa kwa wembe; alikwisha kuusoma,
pengine tangu wiki ya kwanza,
akaurudisha mahali pake, akaningoja.

Hakucheka. Alinipa tochi.
Basi shika taa, akasema,
unieleze ulikuwa unafikiri nini.

Nikamweleza. Ghala la mjomba, miaka ishirini na mitatu,
dukani kulibaki roli moja tu ya waya,
na Jumamosi kulikuwa na dansi Pajala.
Jumatatu ningerudia vizuri.

Tulimaliza usiku wa manane, kila waya na rangi yake.

Ankara ilikuja kwa posta, saa kwa saa, skrubu kwa skrubu.
Mstari wa chini kabisa:
toa saa sita, ujira wa spana boi.